Jiwe la Kushukia

Mama Kengele alikuwa dobi, na jina hilo alipewa kwa sababu ya kengele ya baiskeli yake. Kabla hujamwona ulishamsikia: kri-kring, kri-kring, ndipo anatokeza kwenye kona, mgongo umenyooka kama anakwenda kuapishwa, kapu la nguo zilizopigwa pasi limefungwa nyuma kwenye keria. Baiskeli ya kiume, nyeusi, ile yenye bomba la juu kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Waliomcheka walicheka mpaka wakachoka. Yeye hakuchoka.

Aliikuta fremu tupu nyuma ya duka la mikate, kuku wanailalia. Akaivalisha kidogo kidogo. Breki za vyuma, si hizi za waya, alizipata kwa mlinzi mmoja baada ya kumfulia makoti mpaka mlinzi akaona haya. Taa ya dinamo alibadilishana na pasi yake nzuri, akabaki na ile mbovu. Kiti cha ngozi alikipaka mafuta kuliko alivyojipaka miguu. Kipuri kipya hakukitaka hata cha bure. "Hiki hakijuani na wenzake," husema, na kukurudishia.

Shida ikaja kwenye goti. Nyuma kuna kapu, kwa hiyo mguu lazima upitie mbele, juu ya lile bomba. Siku moja haukupita. Baiskeli huku, yeye kule, mashuka ya watu kwenye tope.

Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, akaja na chaki, akachora alama mbili kwenye bomba.

"Nakata hapa na hapa, mama. Naliinamisha, unapanda kama unaingia kitandani."

"Kata mguu wangu kwanza."

"Mama!"

"Mguu ndio mbovu, bomba halina kosa. Sasa unamwadhibu nani?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana: mama akimaliza wiki bila kuanguka, chaki inafutwa. Akianguka, msumeno.

Mlangoni kwake palikuwa na kidato cha ngazi. Akagundua kwamba akisimama juu yake, baiskeli ikiwa chini, mguu unapita wenyewe. Na kushuka vivyo hivyo. Basi wiki ile akawa anasimama penye vidato tu. Nyumba zisizo na ngazi, kengele ililia nje na wenyewe wakatoka mbio kupokea vifurushi, huku yeye anaendelea kukanyaga. Mwalimu mmoja aliisindikiza baiskeli hadi kwa jirani akidai suruali yake.

Jumamosi ikabaki nyumba moja, ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mtu asiyeacha mzaha upite, wala asiyekimbilia kifurushi cha mtu. Uwanja wake ni tambarare kama sinia. Mama Kengele akazunguka, akapiga kengele, akazunguka tena.

"Shuka basi, wifi, unanitia kizunguzungu!"

"Nishukie wapi? Nyumba umeitandika chini kama mkeka!"

"Si unirushie nguo zangu uende zako!"

"Nguo zilizopigwa pasi zirushwe? Una akili wewe?"

Wifi akacheka, mikono kiunoni. Kisha akaona ule mguu ukitetemeka kwenye pedali, na akaziona alama za chaki; habari zake alishazisikia. Kicheko kikamkatika. Akakimbilia uani, akarudi anaviringisha jiwe lake la kufulia, anahema, anatukana jiwe, anamtukana na aliyebuni baiskeli.

"Haya, kanyaga, malkia!"

Mama Kengele akakanyaga, akashuka, akanyoosha gauni.

"Limekaa upande," akasema.

"Utalinyoosha wewe!"

Mwanawe alipomfuata huko na msumeno, aliwakuta wote wawili uwanjani wanakunywa chai.

"Mama ameanguka?" akamuuliza shangazi yake.

"Aanguke wapi! Nusura nianguke mimi, na jiwe langu."

Mwanawe akauegemeza msumeno ukutani. Halafu akachukua kitambaa, akafuta chaki mwenyewe.

"Na huku chini," mama yake akamwambia. "Usinifanyie kazi ya haraka haraka."

Jiwe halikurudi uani. Wifi sasa anafulia kwenye beseni, na akiulizwa hujibu kwamba jiwe lile kaliweka nje apate pa kukaa. Hakuna aliyewahi kumwona amelikalia.