Nyota za Kiherehere

Binti wa dada yangu tulimwita Kiherehere, maana swali halijaisha, mkono wake uko juu. Chuoni mwalimu aliwagawa vikundi, wakawa wanashindania nyota kwenye simu: wote wakijibu swali la siku, kikundi kinapanda, mmoja asipojibu, wote wanashuka.

Alipougua figo akarudi nyumbani, aliwaachia wenzake neno lake la siri wamjibie, asije akawaangusha. Wakajibu kweli! Ila kumjulia hali, hakuna aliyekuwa na nafasi. Kila simu yake ilipolia, dada alikimbia kumpelekea kitandani, akidhani ni rafiki. "Hongera, umepata nyota!" Basi.

Mimi mama yake mdogo ndiye niliyekwenda chuoni kuchukua nguo zake. Mwalimu alinipokea kwa bashasha, maskini, hajui hili wala lile.

"Mama, binti yenu ni mfano! Wengine wanategea, yeye hajakosa hata siku moja. Hata leo asubuhi amejibu."

"Amejibu nini, mwalimu?" nikamuuliza. "Tumemzika juzi."