Mabasi Yaliyoharibikia Mansa

Nilifika Nchelenge baba ameshazikwa. Basi lilinishusha Kashikishi, na mwanamke aliyekuwa anageuza chisense, wale dagaa wadogo tunaowaanika juu ya mchanga, aliinua kichwa akaniangalia vizuri.

"Weye ni mutoto ya ule muzee wa mashua?"

Nikasema ndiyo.

"Pole sana, papa. Kumbe ile basi walitengeneza."

Wenzake wakainamisha vichwa, nikaona mabega yao yanatikisika. Sikuelewa. Nilidhani wananicheka kwa viatu vyangu vya mjini, nikachukua begi langu nikaenda nyumbani.

Baba alikuwa fundi wa mashua za mbao. Tulivuka ziwa kutoka Congo wakati wa vita, mimi nikiwa bado kijana wa sekondari, na kitu alichokishikilia njia nzima kilikuwa sanduku la nyundo na patasi. Upande huu aliziba mashua za watu kwa pamba na lami. Za kisiwani Chisenga zililetwa kwake, za Puta pia, zikapinduliwa ufukweni, naye alizizunguka akigonga mbao kwa kifundo cha kidole, sikio lake karibu. Akisikia ubao uliolainika alizungumza na mashua yenyewe: "Ulikunywa maji mingi, mama."

Mimi sikukaa. Nilimaliza shule nikaondoka, nikauza nguo Kitwe, nikawa mpakiaji wa malori Tunduma, nikarudi Lubumbashi, nikatoka tena. Kila mji niliupenda mpaka nilipouzoea. Nikiwa mbali niliota harufu ya lami ya baba ikichemka, lakini asubuhi nikiamka nilitafuta gari la kwenda mbele.

Binti yangu nilimwachia baba, mama wa mtoto alipofariki, mtoto akiwa bado wa kubebwa. Baba alimfunga mgongoni kwa kitenge, mwanamume mzima, akashuka naye ufukweni kufanya kazi. Wavuvi walipomcheka aliwajibu kwa utani wa babu anayemwita mjukuu mke wake, "Huyu ni bibi yangu. Munataka nimuache nyumbani mumuibe?"

Nilimpigia baba simu mara kwa mara. Kila mara nilisema nakuja mwezi ujao. Nilisema kwa sababu sauti yake ilibadilika nikisema hivyo, ikawa ya kijana. Nami kwa dakika ile niliamini kwamba ninakuja.

Siku ya kumaliza kilio, baba mdogo aliniita pembeni. "Weye ndiye mukubwa," aliniambia. "Utasimama useme maisha ya kaka yangu." Niliogopa. Nilijua alikozaliwa, nilijua habari ya kuvuka ziwa, lakini miaka yake ya mwisho yote ilikuwa mikononi mwa wale waliojaa uani, nao wangenisikiliza nikiwaeleza mtu waliyeishi naye. Nilikaa nikipanga maneno kichwani kama mtu anayepanga matofali machache akitaka yafike dirishani.

Kabla yangu walikuja wajukuu. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumcheka babu yake hata akishazikwa. Wanavaa nguo zake, wanatembea kama yeye, wanadai chakula kwa sauti yake, na hakuna anayekasirika.

Binti yangu alitoka ndani amevaa koti la baba na kofia yake. Ni msichana mkubwa sasa. Alitembea kwa ule mguu mmoja mzito wa baba, akafika kwa shangazi mnene aliyekaa kwenye mkeka, akamgonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Ulikunywa maji mingi, mama!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, na machozi yalinitoka, maana alikuwa ni baba kabisa.

Kisha akavuta kigoda, akakaa, akakinga jua kwa mkono kama mtu anayetazama barabara. Binamu yake akapita mbele yake.

"Muzee, unangoya nani?"

"Mutoto yangu. Alipiga telefone. Eko njiani."

"Basi ilishafika, muzee. Batu yote balishuka."

Mzee yule wa kuigizwa akasimama taratibu, akakohoa, akaweka kofia sawa.

"Basi yake iliharibika. Kule njiani, Mansa."

"Mansa!" uani mzima ukaitikia.

"Na ile ya Krismasi?" mtu akauliza.

"Mansa."

"Ile Mansa inakula mabasi!" mzee mmoja alipiga kelele. "Na samaki ulimununulia, muzee?"

"Kuleni nyinyi. Itaoza."

Jirani mmoja alinigeukia, bado anacheka. "Samaki yako tulikula sisi, papa. Na ilikuwa tamu!"

"Na wakati muzee aligonjwa?" aliuliza yule binamu.

Binti yangu aliangalia chini, akafunga kifungo cha koti. "Mansa," akasema, polepole.

Hapo nikaelewa maneno ya yule mwanamke wa Kashikishi. Kila nilipoahidi, baba alishuka barabarani akasubiri, na niliposhindwa kutokea alinitafutia sababu. Watu walijua, wakaikubali, kwa kuwa walimpenda. Mtu aliyekataa kupaka lami juu ya ubao uliooza nilimfanya mwongo mbele ya majirani zake, naye alidanganya vibaya, kwa mji mmoja tu, kama mtu asiyezoea.

Baba mdogo akanipa ishara. Nikasimama. Nilianza na alikozaliwa, nikasema habari ya vita na sanduku la nyundo. Walinisikiliza kwa heshima, na heshima ile ilinichoma masikio.

"Na Mansa?" bibi mmoja akauliza kutoka nyuma, bila ubaya, kama anayenikumbusha nilichoruka.

Maneno niliyopanga yaliniishia.

"Hakuna basi iliharibika Mansa," nikasema. "Hata moja. Miye sikupandaka."

Hakuna aliyecheka. Wengine waliangalia mikono yao. Nilijua nimeharibu siku ya baba, na sikujua nikae au niendelee.

Binti yangu aliinuka kwenye kigoda. Alikohoa, akaweka kofia sawa, akawageukia watu.

"Musimusikie," akasema kwa sauti ya baba. "Alichoka na njia."

Kicheko kilirudi, kikubwa kuliko cha kwanza, na watu wakapiga makofi. Yeye hakucheka. Alininyooshea mkono kuelekea kwenye mkeka.

"Kaa, mutoto yangu. Ukule."

Binti yangu aliniita hivyo mbele ya watu wote, na hakuna aliyeshangaa. Nikakaa.