Honi Isiyolia

Pampu ya kukamulia maziwa yangu niliinunua Homa Bay, miaka ya tisini, kwa mtu aliyekuwa akiiuza kama honi ya baiskeli. Sikumlaumu: faneli ya kioo upande mmoja, mpira wa kubana upande mwingine. Mimi nilikuwa nimeshaiona ikitumika katika wadi ya wazazi. Nikaigeuzageuza kama mnunuzi wa honi.

"Ibonyeze tuisikie."

Akabonyeza. Ikapumua tu, kama mzee anayekaa chini.

"Ndugu yangu, hii ni ya kuwanong'oneza ng'ombe watoke barabarani?"

Nilimkaba mpaka akaniachia kwa nusu bei, na huruma juu yake.

Haja yangu haikuwa mchezo. Nilikuwa nauza sufuria sokoni Migori, na tangu nijifungue, jirani yangu muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa anasogeza magunia yake kwenye nafasi yangu, hatua moja kila wiki. Nilituma watu wawili, kila mmoja bila mwenzake kujua, wakapime. Majibu yalilingana: zimebaki hatua tatu. Mtoto alikuwa na miezi miwili. Ama ashibe bila mimi, ama nafasi iende.

Wa kubaki naye alikuwa mama mkwe. Aliitazama chupa ya maziwa kutoka mlangoni.

"Nyar Lambwe," akasema, maana huku mke huitwa binti wa kwao, "maziwa ya mtu yakae chomboni kama ya ng'ombe? Na mwenye jicho baya akipita?"

"Tutafunika, Mama."

"Kwa kitambaa changu. Nyumbani kwangu. Na atanyweshwa kwa kijiko, si kwa hizo chuchu zenu za mpira."

Mimi niliyemnyoa mwenye honi, nikanyolewa bila maji.

Siku ya kwanza nilichemsha pampu, nikakamua, nikaisimamisha chupa ndani ya maji baridi ya mtungi wake. Sokoni nikasukuma magunia kwa goti, huku nikimuuliza jirani habari za watoto.

Saa sita nikarudi mbio, blauzi imelowa. Mtoto kalala. Chupa tupu.

"Amemaliza yote?"

"Tumemaliza. Mgeni hapewi chakula ambacho mwenyeji hajaonja."

"Umeonja kiasi gani, Mama?"

"Vijiko viwili. Cha pili ni cha kuhakikisha cha kwanza." Akafikiri kidogo. "Ni mepesi. Kula samaki mwenye mafuta. Na kesho uongeze yangu."

Nikafungua mdomo nianze kubishania bei. Nikakumbuka magunia. Nikaenda kuchemsha pampu.