Fundi wa Simu na Mlango wa Nyuma

Saa saba mchana, fundi wa simu wa pale stendi ya Voi huweka bisibisi chini, akapangusa vidole kimoja kimoja, ndipo ashike simu yake mwenyewe. Tryphena, mshonaji wa meza ya jirani, husimamisha cherehani amtazame. Anachocheza ni mchezo wa simu wa kuishi porini, na ngome ya mbao iliyojengwa miezi minne ni ya fundi na wenzake wawili tu, Koki na Kimeu, ambao husikika kwa spika. Juzi walivamiwa na watu kumi na wawili, wakapenya hadi ndani.

"Leo mtalala nje, nyinyi watatu!" adui mmoja akacheka.

"Dada, tufunge milango yote wasitoke!" Kimeu akamlilia fundi.

Fundi hakupandisha sauti. Aliongea vile anavyomwambia mteja kwamba simu yake itapona. "Wa nyuma uacheni wazi. Kwetu Sagalla ndovu akiingia shambani hafungiwi njia, ataangusha nyumba. Pigeni kelele huku mbele, kelele za kijiji kizima."

Tryphena, ambaye mahindi yake yanawajua ndovu, hakungoja kuombwa. Alinyakua sufuria ya chakula, akaigonga kwa mkasi karibu na simu, akapiga na vigelegele vya ibada ya Jumapili. Wale wavamizi wakadhani wamezingirwa, wakauona mlango, wakatoka wakikanyagana. Kidole cha fundi kikaufunga taratibu, kama anayerudisha skrubu ya mwisho.

"Hebu semeni ukweli," adui akauliza kutoka nje. "Mko wangapi humo?"

Fundi akamtazama mshonaji, sufuria bado mkononi.

"Wanne," akajibu.