Jini Aliyechukia Sindano

Nilipokuwa mtoto sikuiba, sikumpiga mwenzangu kwa jiwe, wala sikutoroka chuo cha Kurani hata siku moja. Nilifanya ubaya mmoja tu, na niliufanya kwa moyo mkunjufu: nilimchongea Koko Echati kwa vijana wa kamati, akanyolewa nywele mchana kweupe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukiniuliza kama nilijuta siku ile nitakwambia ukweli, nilicheka.

Tulikaa Mutsamudu, kwenye vichochoro vya mji wa kale, ambako jirani akipiga chafya unamwombea rehema ukiwa kitandani kwako. Baba alikuwa kuli bandarini. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, uliogunduliwa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, na daktari wa Kifaransa kabla ya uhuru. Uhuru ulipokuja, Wafaransa waliondoka na madaktari wao, na dawa ikawa ya kubahatisha. Mjomba wangu, karani huko Moroni, aliitafuta chupa moja moja na kumkabidhi baharia aliyekuja kwetu. Ilikuwa insulini, kichupa kidogo chenye kizibo cha mpira. Mama alikitia ndani ya kopo, na kopo akaliweka ndani ya mtungi wa maji ili dawa isiharibike kwa joto, maana friji tuliisikia tu. Kila asubuhi alichemsha bomba la kioo na sindano yake, akavuta dawa mpaka alama aliyoonyeshwa na daktari, akajichoma pajani, halafu akala. Hakuwahi kupata shida.

Shida ilikuja na Ramadhani. Mama alisema hawezi kula mchana wakati mji mzima umefunga, watu wangemwonaje. Lakini sindano hakuiacha. Alikula daku kidogo, akajichoma kiasi kilekile cha siku zote, akafunga. Leo hata mimi ninajua hilo ni kosa gani, kwa kuwa ugonjwa wenyewe nimeurithi na ninajichoma kila siku, leo paja hili, kesho lile, chakula kikiwa tayari mezani. Wakati ule hakuna aliyejua nyumbani kwetu.

Siku ya tatu ya mfungo, baada ya adhuhuri, mama alianza kutoka jasho akiwa amekaa kivulini. Mikono ilimtetemeka. Akanitazama na kuniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, akanigombeza kwa maneno yasiyoeleweka. Nilikimbilia nyumba ya pili, kwa Koko Echati.

Koko maana yake bibi, na watoto wote wa mtaa tulimwita hivyo ingawa hakuwa na undugu nasi. Alikuwa mganga, fundi wa kutuliza majini. Watu walishuka kutoka Patsy na kuja kutoka Mirontsy kumtafuta, naye aliwapokea amejifunga shiromani safi, nguo ya kujitanda ya wanawake wa kwetu, anacheka nao, anawatania wanawake kuhusu waume zao. Nilimpenda, na nadhani ndiyo sababu nilimchukia vizuri baadaye.

Alipomwona mama hakupoteza muda. Alichovya kidole kwenye asali akampaka ndani ya shavu, akampaka tena, na mama alipoweza kumeza akamnywesha asali iliyokorogwa kwa maji. Haukupita muda mrefu mama akauliza kwa nini amelala chini. Mimi nikalia kwa furaha. Koko Echati alitulia, akatueleza kwamba jini alikuwa amekuja kudai kitu chake kitamu, na kwamba kilichomkasirisha ni kile chuma.

"Jini huyu anachukia sindano," alimwambia mama. "Ukimchoma tena, siku nyingine hataomba asali. Ataomba roho."

Mama aliamini, na mimi niliamini zaidi yake. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu. Koko Echati akalichukua bomba na kichupa cha dawa, akavifunga katika kitambaa chekundu ili jini naye afungike, akavitia kwenye kapu chini ya kitanda chake pamoja na chupa zake za marashi. Kesho yake mama hakujichoma, na kweli, hakutetemeka. Baba alishukuru. Kila mtu alishukuru.

Halafu kiu ikaanza. Mama alimaliza mtungi na bado midomo yake ilikuwa mikavu. Alikwenda chooni mara kwa mara, akakonda usoni kwa siku chache tu, akawa anatapika, na pumzi yake ikanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nilikwenda kwa Koko Echati kumwomba dawa ya mama. Akasema kwa upole kwamba jini anaondoka, na kuondoka kwao ndivyo kulivyo, nivumilie. Nikaenda mara ya pili. Akanipa tende, akanirudisha nyumbani.

Tende ile niliitupa. Nikasimama kichochoroni nikasema moyoni, mwanamke huyu anamuua mama yangu huku anacheka na wageni wake.

Katika miaka ile serikali ilikuwa imetangaza vita na uganga, na vita vyenyewe imewakabidhi wanafunzi. Wavulana na wasichana ambao jana yake walikuwa wakichapwa darasani walikuwa na kamati, ofisi na mamlaka. Waliwatoa waganga majumbani, wakavunja vifaa vyao uwanjani na kuwanyoa. Wazee waliwaogopa. Mimi nilikwenda kwao kwa miguu yangu, nimechana nywele.

Kijana aliyekaa kwenye meza aliniuliza Koko Echati anaweka nini. Nikamwambia chupa, kitambaa chekundu na mifupa, vyote chini ya kitanda. Mifupa niliizidisha. Na hapa ndipo ninapofika kila ninapokumbuka, sipiti. Ningeweza kusema neno moja zaidi, kwamba humo mna dawa ya hospitali ya mama yangu, mnirudishie. Lilikuwa mdomoni. Sikulisema kwa sababu nilihisi litampunguzia hatia yule mwanamke, watamwona mtunza dawa badala ya mchawi. Nilitaka atoke mchawi mtupu. Nikajidanganya kwamba wakishamchukua nitaingia mwenyewe nikichukue kichupa.

Walikuja asubuhi iliyofuata. Hawakuacha kitu cha mimi kuingia kuchukua. Walimtoa Koko Echati na kapu lake mpaka uwanjani, wakamkalisha kwenye kiti, na msichana mmoja akamnyoa huku wengine wakipiga makofi. Alionekana mdogo bila nywele, masikio yamemtoka. Nikacheka. Wakamwaga kapu na kuanza kuvunja chupa kwa nyundo moja baada ya nyingine, harufu ya marashi ikaenea uwanja mzima. Kitambaa chekundu walikipiga bila kukifungua. Nilisikia mlio wa vioo viwili ndani yake, bomba na kichupa, na kicheko kilikuwa bado kiko usoni pangu. Koko Echati aliinua kichwa, akanikuta nikiwa vile.

Nilikimbia bandarini kumwambia baba kwamba dawa imevunjika. Hakuuliza nilijuaje. Aliacha gunia palepale, akaomba nafasi kwenye meli ya kwenda Ngazidja, kisiwa cha Moroni, na mama alipandishwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa. Nilikaa kichwani kwake njia nzima nikimtia maji mdomoni kwa kitambaa. Niliogopa jini, niliogopa Mungu, na zaidi niliogopa mama asije akafumbua macho akaniuliza.

Hospitali ya Moroni tulimkuta muuguzi mwanamke, mmoja wa watu wetu waliofukuzwa Majunga, ng'ambo ya bahari, mwaka uleule. Alikuwa amekuja na nguo aliyoivaa na ujuzi wake. Ndiye aliyempigania mama. Siku ya nne, mama alipoweza kukaa na kusimulia yaliyompata, muuguzi alivuta kiti.

"Siku uliyotetemeka, ulijichoma?"

"Ewa. Alfajiri."

"Na mchana ulikula nini?"

"Nilikuwa nimefunga."

Muuguzi akamweleza pole pole kwamba sindano inaishusha sukari iwe umekula au hukula. Asijichome kiasi kilekile akakaa na njaa, na Mungu hakumtaka mgonjwa wa namna yake afunge. Akitoka jasho na kutetemeka, alambe kitu kitamu mara moja. Na asiiache sindano kwa neno la mtu yeyote.

"Kwa hiyo asali yake ndiyo iliyoniokoa," mama alisema.

"Asali ilikuokoa," muuguzi alijibu. "Kuacha sindano ndiko kulikokuleta hapa."

Nilishikilia ile sentensi ya pili. Ya kwanza sikutaka kuisikia. Mama yeye alizishika zote mbili, na tuliporudi Mutsamudu jambo la kwanza alilofanya ni kunishika mkono na kunipeleka nyumba ya pili.

Koko Echati alikuwa amejifunika shiromani mpaka kwenye nyusi. Hakucheka nasi. Mama akamshukuru kwa asali, akamwambia bila kuficha kwamba kuhusu sindano alikosea, na Koko Echati akaitikia kwa kichwa. Ndipo mama akasema, kwa uchungu wa kweli, kwamba laiti angemjua mtu aliyemfanyia unyama ule. Kapu lilikuwa chini ya kitanda, ni nani aliyejua?

Koko Echati alinitazama kwa muda mrefu.

"Ni jini," akasema. "Alikuwamo humu humu."

Mama alidhani anazungumzia kazi yake. Mimi nilielewa.

Watu niliowasimulia wananiambia Koko Echati alikuwa na huruma, alimhurumia mtoto. Hawamjui, na hawanijui mimi. Kile kilikuwa kisasi, nakitambua kwa kuwa niliwahi kukishika mwenyewe. Angelitaja jina langu, mama angenichapa, ningelia, na yangekwisha siku ile. Yeye alimnyima mama jina, akaniachia mimi nilibebe, na kila tulipokutana kichochoroni aliniitikia salamu yangu vizuri kabisa. Miaka ilipita hivyo. Siku ya mazishi yake nilikaa na wanawake wengine mpaka wa mwisho akaondoka, nikingoja mmoja wao aniambie kwamba aliacha neno kwa ajili yangu. Hakuwa ameacha.