Kobe Amejaa, Kobe Hajashiba

Fundi bati hakuwa mtu wa kujisifu bila sababu. Sababu alikuwa nazo, na siku zisipokuwepo alizitengeneza. Mikono yake ilitoa mifereji ya paa, ndoo, masanduku na, mara moja, kwa ombi maalumu, bafu la mbwa. Mdomo wake ulitoa yaliyobaki.

Mwaka huo mikono na mdomo vilikutana chini ya gari. Lilikuwa gari kuukuu lenye mgongo mrefu, ambalo mkewe alilitumia kupeleka mikate kutoka kwenye tanuri lake hadi maduka ya mji wa pili, kwa barabara kuu. Fundi alilala chini yake Jumapili nzima akitazama mabomba, nyaya na bolti zilizoning'inia, akafikia uamuzi kwamba upepo unaopita humo unakwama kila mahali kama mgeni kwenye chumba cha watoto. Upepo ukikwama, injini inauvuta. Injini ikivuta, inakunywa. Akakata bati, akakunja kingo zake, akaacha upenyo wa bomba la moshi na matundu ya kupitisha joto, akalifunga kuanzia bampa la mbele hadi karibu na magurudumu ya nyuma. Tumbo la gari likawa laini kama sinia.

Makanika wa karakana ya jirani aliinama kulitazama. "Huyu kobe," alisema, "kavaa gamba tumboni."

Gari likaitwa Kobe kuanzia saa hiyo.

Mkewe alijaza tangi, akaenda na mikate, akarudi. Fundi, ambaye siku zote aliacha shughuli za kituo cha mafuta kwa mkewe, safari hii hakuweza kujizuia. Alikwenda kujaza mwenyewe. Mafuta yaliyoingia yalikuwa pungufu ya kawaida kwa robo nzima. Alitoka kituoni akaenda moja kwa moja kwenye kijiwe cha teksi, na kabla chai haijapoa kila dereva alikuwa amesikia habari za robo.

Mwenyekiti wa kijiwe, mama mnene mwenye miwani ya kusomea aliyoivaa hata akiendesha, alimsikiliza hadi mwisho.

"Robo, Fundi?"

"Robo, Mwenyekiti. Kama si robo niiteni muuza maneno."

"Sawa. Ikiwa robo, tutafunga sote, gari kwa gari. Ijumaa ijayo uje useme hapa mbele ya watu tena, ukiwa umeshalala ukaamka. Maana ikija kuwa uongo, hata ndoo yako hatutanunua."

Fundi alirudi nyumbani kifua mbele. Sifa zilimtangulia mlangoni, na mkewe alizikuta zimeshakaa mezani.

"Mama Pacha, robo! Na wewe ulijaza vizuri kabisa kabla ya kwenda, sivyo?"

"Nilijaza mpaka akashiba."

"Akashiba vipi?"

"Kama siku zote. Mpini wa pampu ukikata mafuta, naenda nyuma namtikisa Kobe kwa nyonga. Hewa inatoka, blu-blu-blu, naongeza. Namtikisa tena, naongeza tena. Kwani wewe hutikisi?"

"Mimi mpini ukikata, nalipa. Tangi limejaa."

"Basi amejaa, Baba Pacha. Hajashiba."

Fundi aliacha kujisifu, jambo ambalo watoto walilisikia kutoka chumba cha pili wakaja kuona kuna nini. Hesabu ilijipanga yenyewe kichwani mwake bila huruma. Zamani mkewe alijaza mwanzo na mwisho, kwa shibe zote mbili. Safari hii Kobe aliondoka ameshiba, akarudi akajazwa tu. Ile robo, au sehemu yake kubwa, haikuwa imeokolewa na bati. Ilikuwa hewa iliyokaa ndani ya tangi, na yeye alikuwa ameitangaza kijiweni kama mtoto wa kwanza.

Makanika alipoelezwa alicheka hadi akashika spana kwa mikono miwili.

"Nyamaza, bwana. Nani anajua? Ukimfungia dereva bati na kumwambia linapunguza mafuta, mguu wake unakuwa mwepesi wenyewe. Atapunguza kwa imani."

"Kama ni imani, si wakaipate bure kwingine? Mimi nauza bati."

Lakini neno la mguu lilimwingia. Ikiwa dereva anaendesha kistaarabu kwa sababu anajua bati lipo, kinachopimwa ni ustaarabu. Basi dereva asijue. Na dereva alikuwa mke wake.

"Yaani," alisema Mama Pacha akiwa na unga hadi viwiko, "gari langu, mikate yangu, barabara naijua kwa makalio, halafu mnanificha tumbo la gari?"

"Tunakuficha kwa heshima, shemeji," alisema Makanika.

"Kwa heshima hiyo mkamfiche mama yenu." Lakini alikubali, kwa sharti moja. "Kujaza ni kwangu mimi. Kwa kutikisa. Wewe na mpini wako kaa mbali."

Na hapo Fundi, kwa uchungu, alitambua kwamba mkewe ndiye aliyekuwa sahihi tangu mwanzo. Mpini hukata unapotaka wenyewe. Shibe ina mpaka. Alichoongeza yeye ni ufundi wake: waya mgumu ulioning'inia ndani ya shingo ya tangi, ili mafuta yakigusa ncha yake iwe mwisho wa mjadala, na kopo la kupimia mafuta yanayorudishwa tangini, lenye shingo nyembamba kama ya korongo, ambamo hata funda moja la mafuta lilionekana likipanda. Alilichomelea mara tatu. La kwanza lilivuja, la pili lilikuwa zuri lakini akalikuta limepinda kidogo, na yeye hakuwa mtu wa kulala nyumba moja na kopo lililopinda.

Wiki hiyo Kobe alisimama kila siku pale pale, kwenye sakafu ya saruji nyuma ya tanuri. Mikate ilikuwa ile ile, barabara ile ile. Kabla ya safari Makanika alifunga bati au akalifungua, kwa kurusha sarafu, mlango wa karakana ukiwa umefungwa. Mama Pacha alitoka kila mara akitangaza, "Leo lipo, nasikia kabisa linavyoimba," au "Leo hakuna kitu." Alikosea mara nyingi kuliko kupatia, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alhamisi walipomaliza, walilinganisha makopo yaliyomiminwa baada ya kila safari. Barabara kuu, bati lilipokuwepo, Kobe alikunywa pungufu. Si robo. Kikombe kimoja cha chai kwa safari nzima. Lakini kikombe hicho kilirudi kila mara, kama mwenye nyumba. Kisha walimzungusha Kobe mitaani, taa hadi taa, mwendo wa teksi. Kikombe kikatoweka. Upepo wa mjini hauna haraka, bati halina la kufanya.

"Kwa hiyo teksi hazipati kitu," alisema Makanika, na safari hii hakucheka.

"Hazipati kitu," alisema Fundi. Akalipangusa kopo lake kwa kitambaa kisafi.

Ijumaa alikwenda na mkewe. Madereva walikuwa wamejaa, baadhi wamekuja na magari tayari kupimwa matumbo. Fundi alisimama akasema yote: mpini, shibe, hewa, waya, sarafu, kikombe. Alisema teksi za mjini zisifunge. Alitumia sauti ile ile aliyotumia siku ya robo. Hakuwa na nyingine.

Kulikuwa na miguno. Mmoja aliuliza kama amekuja kujivunia kikombe.

"Ndiyo," alisema Fundi. "Hicho nimekipima."

"Na mimi nilikijaza," alisema Mama Pacha.

Mwenyekiti aliwatazama wote wawili juu ya miwani yake. Kisha akafungua boneti ya teksi yake. Juu ya bomba la mafuta kulikuwa na sumaku mbili zilizofungwa kwa mpira, zimekaa pale tangu mtu mmoja alipompa ahadi na kutoweka.

"Hizi nazo zinapunguza mafuta?"

Madereva walisogea. Fundi aliinama, akaziangalia sumaku kwa umakini wa daktari, akasimama wima, mikono nyuma.

"Sijui, Mwenyekiti," alisema, na watu waliokuwepo wanakiri hawajawahi kusikia neno hilo likitamkwa kwa majivuno kiasi kile. "Niachie gari hadi Jumatano."

Mwenyekiti alimpa ufunguo. Dereva wa nyuma yake naye akaanza kufungua boneti.