Chungu Nilichokiosha

Masizi yakilowa hutoa harufu ya moshi wa zamani uliochanganyika na udongo, na mimi nikiisikia, hata leo nikiwa mtu mzima, huacha ninachokifanya. Ni harufu ya Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, nilipokuwa darasa la sita kijijini kwetu Litembo. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na kwenye miteremko watu walikuwa katika msimu wa ngolo, yale mashimo ya kilimo yanayochimbwa kwa safu ili mvua isiuchukue udongo. Kwetu kazi hiyo hufanywa na majirani kwa pamoja, na wachimbaji hunyweshwa togwa, uji mtamu uliochachushwa kidogo. Togwa ya nyumbani kwetu ilipikwa katika chungu kimoja kikubwa ambacho Bibi alikikuta alipoolewa. Kila mke aliyeingia katika ukoo, mwaka wa kwanza alipokabidhiwa kuwapikia wachimbaji, alichora kwa ukucha mstari mmoja kwenye masizi ya shingo ya chungu kile. Masizi hayo yalikuwa mazito, magumu kama gamba, na moshi wa miaka iliyofuata uliifunika mistari bila kuiziba. Ilikuwa mistari kumi na mmoja, na wa mwisho ulikuwa wa mama yangu.

Jumanne ya wiki hiyo gari la makumbusho lilikuwa limepanda hadi kwetu. Alikuja Dada Rehema, ofisa wa makumbusho mzaliwa wa Tanga, ambaye hakuvua koti hata mara moja, pamoja na Bi Helga, mgeni kutoka makumbusho rafiki ya ng'ambo. Walikuwa wakiandaa maonyesho ya pamoja kuhusu kilimo cha Wamatengo. Vitu vingekaa kwao mwaka mmoja, kisha virudi na kuonyeshwa kwetu, na wanafunzi wa pande zote mbili wangeandikiana barua kuvihusu. Chungu chetu kiliwanasa pale pale. Bibi, ambaye kwa mtoto wa jicho alikuwa haoni tena, alipitisha kidole kwenye shingo ya chungu na kusema, "Huyu ni mama mkwe wangu. Huyu hapa ni mimi." Bi Helga alisahau chai yake ikapoa. Walipiga picha, wakaomba warudi Jumamosi na kinasa sauti ili Bibi awataje wanawake wote kumi na mmoja, kisha chungu kiondoke nao. Mwalimu alinichagua mimi kukikabidhi mbele ya wazee. Wakati wa kuaga Dada Rehema alisema, "Bibi, msijisumbue na chochote. Tutakichukua hivi hivi kilivyo."

Sasa, mtu wa kwetu akiambiwa asijisumbue, hujisumbua. Mgeni mwenye adabu ndivyo anavyosema. Akidai ameshiba unampakulia, akisema anaondoka unamwongezea kuni motoni. Tena ilikuwa sheria ya Bibi mwenyewe kwamba chombo hakitoki nyumbani kwenda kwa watu kikiwa na masizi. Aliwahi kunirudisha njiani na sufuria ya jirani kwa sababu ya doa moja kwenye kitako. Na hiki kilikuwa kinakwenda kupanda ndege. Akilini niliwaona watoto wa Ulaya wamekizunguka, wakiulizana ni nyumba gani hiyo isiyojua kuosha vyombo. Basi asubuhi Bibi alipokwenda kwenye sala za jumuiya na mama akiwa shambani kwenye kahawa, nilikibeba chungu hadi kijitoni, nikachukua mchanga, majivu na magunzi ya mahindi, nikaanza kusugua. Kuhusu mistari sikuwa na wasiwasi. Nilidhani imechorwa kwenye udongo wenyewe, na kwamba nikiyatoa masizi, itaonekana vizuri zaidi. Masizi yalibanduka vipande vipande, maji yakawa meusi hadi kwenye mawe ya chini, na mimi nikaimba.

Nilipokisuuza chungu kilikuwa chekundu, kizuri kweli. Nikapitisha kidole shingoni kama alivyofanya Bibi. Palikuwa laini. Nikazungusha kidole tena, taratibu, nikidhani nimeanzia mahali pasipo na kitu, na pote palikuwa laini. Nilikimbia nacho hadi jikoni nikachukua msumari ili niichore upya, nikaushika juu ya udongo nikashindwa. Sikujua mistari iliachana kiasi gani, wala ni upi uliokuwa mrefu, wala uliopinda. Nilijua kwamba Bibi angeujua uongo wangu kwa ncha ya kidole. Bado nimeushika msumari nilisikia gari likipanda kilima, likibadilisha gia kwenye kona ya shule, na sauti za wazee wakiingia uani kwetu. Nilikifunika chungu kwa kanga.

Nilikikabidhi kikiwa kimefunikwa hivyo hivyo. Nilitamka maneno niliyofundishwa shuleni, bila kuinua macho, na wazee wakadhani ni aibu ya mtoto. Dada Rehema akawasha kinasa sauti, akakiweka chungu mbele ya Bibi na kuondoa kanga. Nilimwona uso ukimbadilika. Bibi alinyoosha mkono, akapapasa shingo mara moja, akapapasa tena.

"Hiki si chungu changu," alisema.

"Ndicho, Bibi," nikasema. "Nimekiosha."

Mama alijishika kiuno, akatazama chini. Dada Rehema alisogea na kusema kwa upole, "Bibi, picha tunazo. Mistari yote inaonekana."

"Picha nitaishika wapi, mwanangu?" Bibi alijibu.

Alijaribu bila mistari. Alimtaja mama yangu, akajitaja yeye, akamtaja Otilia na Skolastika walioolewa na shemeji zake, kisha mama mkwe wake, kisha mke mwenza wa mama mkwe huyo, ambaye jina lake sikuwahi kulisikia. Wa saba alisema alitoka Maguu, alikuwa mrefu, alicheka sana. Jina halikuja. Kidole chake kiliendelea kuzunguka udongo ule msafi, kikienda na kurudi, na sisi sote tulikaa tukikitazama. Mwishowe alikiondoa akakificha kwenye kitenge. Nilingoja anigombeze. Nilitamani anigombeze. Alisema tu, "Ni mimi niliyekufundisha kuosha," na hilo limenikaa hadi leo.

Bibi alifariki kabla chungu hakijarudi. Sasa nafanya kazi katika makumbusho yale yale ya Dada Rehema, na Bi Helga amestaafu. Siku hizi tuna glavu, tuna fomu, na watoto wa Mbinga, wilaya yetu, huzungumza na wenzao wa ng'ambo kupitia skrini, wakiulizana maswali papo hapo badala ya kungoja barua miezi miwili. Ni mambo mazuri, nayafurahia. Ila nikifika nyumbani kwa mtu nakiacha kifaa chake kwanza, naomba majina, nayaandika siku hiyo hiyo hata chai ikipoa, ndipo namweleza kwa nini asikioshe, naye ananicheka. Chungu chetu kiko ukumbini pamoja na picha yake ya zamani. Maelezo yake yana majina sita, kisha "mwanamke kutoka Maguu", kisha nafasi nne zilizo wazi. Watoto huuliza kila mara waliosalia walikuwa nani. Nawaambia walikuwa wake wa ukoo wetu, na kwamba niliwaosha mimi, kijitoni, nikiimba.